Tuitupe API ya zamani tuandike mpya? Jibu kwa mdogo wangu wa Kigoma

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Mpo Kigoma, mna sistimu ya kupokea na kusafirisha mzigo wa dagaa na mawese, imetengenezwa 2013 na jamaa ambaye keshaondoka kitambo, API yake, yaani mlango ambao programu za wengine zinapitia kuongea na sistimu yenu, ni SOAP, namna ya zamani ya kutuma maombi kwa XML tupu (maandishi yenye alama ya kufungua na kufunga kila fildi), na wanaoitumia ni maghala ya pale Kibirizi, mawakala wa mizigo, maduka ya huku Tabora na Dar, na mteja mmoja yuko Bujumbura. Sasa kaja kijana mpya ofisini, kazi anaijua, anasema itupwe yote iandikwe upya kwa GraphQL, namna mpya zaidi ya kutengeneza API, miezi mitatu inakuwa imeisha. Malalamiko yenu ni kwamba inakula bando, mzigo unajiandika mara mbili, paswedi ya mteja inapita mwishoni mwa anuani wazi wazi, na kuna fildi inaitwa "jumra" badala ya "jumla" inawatia aibu kila mteja mpya akija kuunganishwa. Bosi anataka jibu, na wewe umekuja kwangu.

Jibu langu ni msiitupe. Bando na mzigo wa mara mbili vinatibika pale pale bila mtu wa nje kugusa kitu chake kwa lazima, "jumra" iacheni kama ilivyo, ila hiyo ya paswedi ndo mkaivunje kweli, kwa makusudi na kwa tarehe inayojulikana. Nitakueleza kwa nini nasema hivo, na nitaanza na kitu kilichonipata mimi mwenyewe, maana haya sikuyajua kwa kusoma.

2016 nilikuwa naifanyia kazi ushirika mmoja wa asali huku mkoani kwetu Tabora, jina sitaji. Kulikuwa na API ya zamani inayopokea uzito kutoka vituo vya kununulia, nikaandika mpya, safi kabisa, nikaijaribu wiki nzima na vituo nilivyokuwa navyo kwenye orodha, kila kitu sawa, Ijumaa usiku nikaizima ya zamani nikalala. Jumatatu saa mbili asubuhi simu inaita, karani wa kituo kimoja cha huko ndani Sikonge, "Kaka, mashine inakataa kuongea na huko kwenu." Kumbe kompyuta yake ni Windows XP, na mimi seva mpya nimeifungia ikubali TLS 1.2 (namna ya kufunga mazungumzo ya mtandao yasisomwe njiani) kwenda juu tu, XP hiyo haiijui kabisa. Nikapanda gari nikaenda. Nilivyofika nikakuta ndoo za asali zimepangwa chini ya mwembe kuanzia mlangoni mpaka barabarani, nyuki wamejaa kwenye mifuniko, watu wamekaa tangu alfajiri, na karani anaandika kwenye daftari la mistari kwa kalamu, namba ya mwanachama, kilo, namba ya mwanachama, kilo, mkono umevimba kwa kuumwa na nyuki na bado anaandika. Mzee mmoja akanisogelea akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, hela yetu itasomekaje?" Sikuwa na la kumjibu. Siku nne walipima kwa daftari, nikaja kuingiza mstari kwa mstari, na mistari miwili wino ulikuwa umelowa asali hausomeki, wale wanachama wawili walilipwa mwezi uliofuata baada ya kusumbuka sana. Bado naumia nikikumbuka.

Unaona, mimi nilikuwa najua nani ameandikishwa kuitumia API yangu, nilichokuwa sijui ni nani hasa ameiegemea na kwa namna gani. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. API ikishakaa miaka 10 na zaidi inakuwa kama ile njia ya miguu inayokatiza shambani kwako, karatasi inasema shamba ni lako lakini kijiji kizima kinapita hapo kwenda kisimani, ukiamka ukaweka uzio hujaharibu sheria yoyote ila umewakata watu maji.

Kwa hiyo kabla hamjabishana SOAP na GraphQL, hesabuni. Fungua logi za seva, yaani daftari ambamo seva inaandika kila ombi linaloingia, uone nani anaita nini, mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Hapa kuna mtego, SOAP zote zinaingia mlango mmoja, anuani ni ile ile moja, kwa hiyo logi ya kawaida itakuonyesha POST, POST, POST tu, hutajua nani alikuwa anapokea mzigo na nani anaulizia bei. Ongeza kwenye muundo wa logi ile heda (maelezo mafupi yanayotangulia ombi) ya SOAPAction, vesheni 1.1 ya SOAP inaitumia kutaja kazi inayoitwa, na kama jamaa wa 2013 alitumia vesheni nyingine basi soma jina la kazi kutoka ndani ya XML yenyewe. Na usihesabu wiki moja ukasema umemaliza, hesabu angalau miezi miwili, kwa sababu kuna mtu anaita mara moja tu kwa mwezi kufunga hesabu na huyo ndo mara nyingi ana mzigo mkubwa kuliko wote.

Ukifungua hizo logi utakutana na kitu kitakachokutisha: paswedi za wateja wenu wote zimo humo. Kila kilichoko kwenye anuani kinaandikwa kwenye logi, hata kama mnatumia HTTPS, kwa sababu HTTPS inaficha njiani tu, ikifika kwenye seva anuani inafunguliwa na kuandikwa kama ilivyo. Halafu logi zinaingia kwenye bakapu, bakapu inanakiliwa kwenye diski ya nje, diski iko kwenye droo ya mtu. Hiyo nitairudia, maana hiyo ndo sababu ya kweli pekee ya kuvunja kitu kati ya zote ulizonitajia.

Tuanze na "jumra" kwanza, maana najua inawauma. Iache. Nasema kwa moyo wote, iache. Sisi watu wa magharibi huku l na r zinatupiga chenga tangu utotoni, jamaa aliandika kama anavyotamka, na sasa kila programu ya kila mteja inatafuta neno "jumra" kwenye jibu, ukilirekebisha usiku wa leo, kesho maduka yote yanasoma jumla ni sifuri au yanagoma kabisa. Na sio nyie peke yenu, ile heda ya HTTP inayosema umetokea ukurasa gani inaandikwa Referer, wakati Kiingereza sahihi kinataka r mbili katikati, ilikosewa mwanzoni kabisa miaka ya 90, ikaingia kwenye RFC (waraka wa kanuni za mtandao) ya 1996 hivo hivo, na mpaka leo kila brauza duniani inatuma neno lililokosewa. Kosa linajulikana, ila limeshasambaa kila mahali, limeachwa hivo hivo. Wewe andika kwenye maelezo ya kuunganisha mstari mmoja tu, "fildi inaitwa jumra, maana yake ni jumla", basi.

Sasa bando. Hapa kijana wenu ana hoja, nisimkatae. GraphQL yenyewe ilizaliwa Facebook 2012 kwa ajili ya apu ya simu, ikatolewa kwa watu wote 2015, na wazo lake ni kwamba simu iombe fildi inazotaka tu isiletewe gunia zima. Kwa mtu aliyeko mwaloni na neti ya kukatakata hilo ni jambo la maana. Lakini angalia XML yenu inavyoonekana, jina la kila fildi linaandikwa mara mbili, mwanzo na mwisho, na mzigo wa mistari 200 unarudia majina yale yale mara 400. Kitu kinachojirudia namna hiyo kinabanwa vizuri sana. Washeni gzip, yaani kubana data kabla ya kutumwa, kwenye seva, ni mistari michache ya kuseti, na uzuri wake ni kwamba seva inambania yule tu aliyesema kwenye ombi lake kwamba anajua kufungua, asiyejua anapata XML yake ya kawaida kama jana. Mpime kabla na baada, kwa bando halisi kwenye simu ya wakala mmoja. Nina hakika kubwa mtashangaa, na mtakuwa mmetumia saa moja badala ya miezi mitatu.

Mzigo kujiandika mara mbili ndo nataka nikae nao kidogo, kwa sababu hapa ndo naona watu wanadanganyika kwamba teknolojia mpya itawatibu. Chukua wakala wako yuko Kibirizi alfajiri, mitumbwi imeingia, kelele, watu wanagombea bei, anajaza gunia 40 za dagaa anabonyeza tuma. Ombi linafika kwenye seva, seva inaandika gunia 40, inarudisha jibu, na jibu likiwa njiani mtandao unakata. Simu yake haijui kama kazi imefanyika au haijafanyika, inamwambia "imeshindikana, jaribu tena", naye anajaribu tena, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Gunia 80. Sasa niambie hapo GraphQL ingefanya nini? Ingeandika gunia 80 vile vile. REST, ile namna nyingine maarufu ya API, ingeandika gunia 80. Kosa haliko kwenye lugha mnayozungumza, liko kwenye kwamba ombi halina jina lake lenyewe la kulitofautisha na lingine.

Dawa ni kuongeza fildi moja ya hiari kwenye ombi, namba ya pekee ambayo simu inaitunga yenyewe kabla ya kutuma, UUID inatosha, na wakala akibonyeza tena inatumwa namba ile ile. Seva ikiona namba imeshaipokea, haiandiki tena, inarudisha jibu lile la mwanzo. Asiyetuma hiyo namba anaendelea kama zamani, hakuna anayevunjikiwa. Ila mambo mawili uyashike. Kwanza upekee wa hiyo namba uwekwe ndani ya databesi yenyewe, sio kwa kuangalia tu kwenye programu kama ipo, maana maombi mawili yanaweza kuingia kwa sekunde moja yote yakaambiwa haipo yakaandikwa yote. Pili, ongeza kwenye ombi tu, usiongeze kwenye jibu, kwa sababu wateja wengine wa SOAP wanakagua jibu kwa ramani ya XSD waliyopewa 2013 na wakikuta fildi wasiyoijua wanalikataa jibu zima. Watu wengi wanasema kuongeza hakuvunji, kwa SOAP kunaweza kuvunja vizuri tu.

Kuna moja hukuniuliza ila nakuuliza mimi, tarehe zenu zimeandikwaje? Kama ni tarehe na saa bila kusema ni saa za wapi, yule mteja wenu wa Bujumbura yuko nyuma yetu saa moja, na ng'ambo ya ziwa Kalemie, kule Kongo, nako hivo hivo. Mzigo uliopokelewa Kigoma saa sita na nusu usiku, kwake ni saa tano na nusu ya siku iliyopita, na ikiwa ni mwisho wa mwezi basi nyie mmeuhesabu mwezi huu yeye kauhesabu ule ulioisha, mtagombana wote mkiwa wakweli. Hii nayo usiibadilishe kwenye fildi ya zamani, weka kazi mpya pembeni inayotuma saa ikiwa na +03:00, alama ya saa za Tanzania, mwambie huyo mteja mmoja ahamie.

Nimeitaja makusudi kwa sababu kosa la namna hii, ambapo kitu chenyewe hakiwezi kusema ukweli hata ukikipaka rangi, likiwa limejaa kila kona, ndo linahalalisha kubadilisha API nzima. Wale wa Python, lugha ya kuandikia programu, walikuwa na sababu ya hivo, Python 2 ilichanganya maandishi na baiti tupu kiasi kwamba huwezi kutibu kwa kuongeza kitu pembeni, wakatoa Python 3 Desemba 2008 isiyoendana na ya zamani. Sababu ilikuwa ya haki kabisa. Na bado Python 2 ilikuja kufungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, yaani miaka 11 watu wanabeba mbili kwa pamoja, tena tarehe ya kwanza waliyopanga ilikuwa 2015 wakasogeza. Hao ni watu wazito na jamii kubwa nyuma yao, nyie mko wawili na bosi.

Turudi kwenye paswedi sasa, ambayo lazima ivunjwe. Nisingetaka msubiri. Leo hii zuieni logi zisiandike kile kipande cha anuani na safisheni za zamani pamoja na bakapu, hilo halimgusi mteja. Halafu fungueni mlango wa pili pembeni, kazi zile zile, majina yale yale, hata "jumra" yao, tofauti ni kwamba mtu anaingia kwa tokeni (ufunguo wa siri badala ya paswedi) ndani ya heda na kwa HTTPS tu. Anayehamia hafanyi kazi kubwa, anabadilisha anuani na namna ya kuingia, basi. Hiyo ni siku moja ya kazi kwa madevelopa wa duka la Dar, ukimwambia ajifunze GraphQL aandike upya kila kitu atakwambia mwakani.

Wale ambao programu yao haina mwenyewe tena, na utawakuta kwenye hesabu yako, wawekee mkalimani. Ndo nilichokuja kufanya Sikonge mwishowe, niliweka Raspberry Pi moja, kikompyuta kidogo, kando ya ile XP, XP inaongea nayo kwa lugha yake ya zamani ndani ya chumba, na Raspberry Pi inaongea na seva kwa TLS ya kisasa. Karani hakubadilisha kitu hata kimoja. Wenzetu wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, wanafanya hivo hivo kwa kiwango kikubwa, mfumo wa kuchora madirisha wa X11 ni wa 1987, Wayland ilianzishwa 2008 kuurithi, na mpaka leo kuna XWayland katikati kwa ajili ya programu za zamani zisizojua kama dunia imehama.

Tarehe ya kufunga mlango wa zamani itajwe mapema, miezi sita kwa uchache. Kuna heda inaitwa Sunset, RFC 8594 ya 2019, inatangaza tarehe ya kufunga kwenye kila jibu, iweke kwa sababu haigharimu, lakini usijidanganye kwamba kuna mtu mwaloni anasoma heda. Piga simu. Mteja kwa mteja, mwenyewe, kwa sauti yako. Na kabla ya siku yenyewe fanyeni majaribio ya kuuzima kwa muda mfupi, dakika 10 leo, nusu saa wiki ijayo, jibu liwe kosa lenye maneno ya Kiswahili na namba ya simu ya kupiga. Atakayepiga ndo yule ambaye hukumwona kwenye orodha. Ila chagueni siku, nyie mna bahati ya kalenda ambayo Dar hawana, siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa, wavuvi wengi wanapumzika na mzigo unakuwa mdogo, jaribieni hapo. Msithubutu kugusa kitu siku za giza. Na kama ziwa litafungwa tena kama ilivyokuwa 2024 katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, hapo ndo pa kufanya kazi ya kuhamisha, wala usiache ipite.

La mwisho ni huyo kijana. Tafadhali usimvunje moyo, mtu anayeingia ofisini na kuona mambo yanaweza kuwa bora ni mali. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana kanuni kali kwamba kiini chake hakivunji programu za watumiaji, na watu wanadhani maana yake ni kwamba hakuna kinachobadilika, wakati ndani wanabomoa na kujenga kila toleo, kinachobaki pale pale ni milango ya nje. Mpe kijana ndani. Aandike upya kiini cha sistimu, databesi isafishwe, kilo ziwe kilo na gunia liwe gunia, na ile SOAP iwe ganda jembamba tu linalotafsiri kwenda kwenye hicho kiini kipya. Mkija kutengeneza apu yenu wenyewe ya simu, wekeni GraphQL juu ya kiini hicho hicho, pembeni, kwa mteja huyo mmoja ambaye ni nyie, mtaona kama inawafaa bila kumwamsha mtu wa Bujumbura usiku. Halafu yeye ndo awapigie simu baadhi ya wateja, asikie mwenyewe wanavyoitumia.

Bosi mwambie kwa lugha ya hela: kuandika upya ni miezi mitatu yenu, hiyo sawa, lakini ongeza na siku za kila duka na kila ghala litakalolazimika kulipa fundi wake, na wengine hawatalipa, watarudi kwenye daftari au wataenda kwa mshindani.

Washa hiyo logi ya SOAPAction wiki hii, ila hakikisha umeshazuia paswedi zisiandikwe. Mbalamwezi ya pili kuanzia sasa nitumie hesabu, majina ya wateja yatoe weka namba tu, nataka kuona nani anaita mara moja kwa mwezi, nikishaona hao ndo nitakwambia miezi sita inatosha au hapana.